Ile barua ya Jonathan: kuangalia «Joyeux Noël» na macho ya Kalemie



Kila mwisho wa mwaka kuna mtu analeta tena ile filme ya Christian Carion, «Joyeux Noël», ya mwaka 2005. Safari hii tuliiangalia Lubumbashi, katika sali moja ya parokia: projektere ya kuazima, shuka jeupe ukutani, jeneratere inanguruma nje. Tulikuwa kama watu makumi manne. Wakati yule Mjerumani alipotoka handakini akiimba, na mti mdogo wa Noeli mkononi, sali yote ilinyamaza, ata wale wa nyuma wenye kupenda kucheka. Mwishoni tulifanya mjadala. Kila aliyesimama alisema juu ya wimbo. Wimbo unashinda bunduki. Wimbo hauna mipaka. Kama na sisi tungeimba pamoja, vita ya kwetu ingeisha zamani. Hakuna ata mmoja aliyetaja barua ya Jonathan.

Mimi pia nilinyamaza siku ile, juu nilikuwa na sababu yangu, nitaisema kule chini. Lakini tangu pale nimerudia filme mara mbili, peke yangu, na ninataka kutetea neno moja mbele yenu. Tunaipenda filme hii kwa sehemu yake iliyo nyepesi. Uzito wake hauko katika wimbo. Uko katika watoto wawili wa watu walio mbali na mama zao usiku wa Noeli, mmoja akiandika uongo na mwingine akitembea kwa miguu.

Kwanza niwakumbushe habari, kwa ajili ya wale ambao hawajaiona. Ni Desemba 1914, kaskazini mwa Ufaransa. Vita imeanza mwezi wa nane, na wengi waliambiwa kwamba Noeli itawakuta nyumbani. Haikuwakuta. Wafaransa na Waskoti wako upande mmoja, Wajerumani upande mwingine, na katikati kuna shamba la barafu lenye maiti ambazo hakuna anayethubutu kuzichukua. Usiku wa tarehe 24 Waskoti wanapiga zumari zao, Mjerumani mmoja aliyekuwa mwimbaji wa opera anajibu, na polepole watu wanatoka. Wanapeana chokoleti na pombe, padri wa Waskoti anasoma misa, kesho yake wanazika wafu wao na kucheza mpira. Baadaye wakubwa wanajua, na adhabu inakuja.

Jambo lenyewe si hadithi ya kubuni. Noeli ya 1914, katika sehemu nyingi za mstari wa vita, hasa kati ya Waingereza na Wajerumani kule Flandria, basoda walitoka kweli katika mahandaki, wakapeana mikono na sigara, wakazika wafu wao. Haikuwa kila mahali. Kuna sehemu nyingine ambapo siku ile ile watu waliendelea kuuawa. Carion, ambaye ni mzaliwa wa kaskazini mwa Ufaransa, alikusanya mambo yaliyotokea hapa na pale akayaweka katika shamba moja na usiku mmoja. Kwa hiyo simlaumu. Filme si kitabu cha historia, na kukusanya ni haki ya msanii.

Ninachomlaumu ni mwimbaji.

Angalieni muzuri. Yule Nikolaus Sprink, mwimbaji, ana mpenzi anayeitwa Anna, naye ni mwimbaji wa opera. Anna anapata kibali cha kuja kuimba mbele ya mwana wa mfalme wa Wajerumani, anakutana na Sprink, na usiku ule ule wanateremka pamoja hadi handakini. Kwa hiyo mutu ambaye filme inamuchagua ili aimbe uchungu wa Noeli ya mbali ndiye mutu mmoja tu, katika shamba lile lote, ambaye hayuko mbali na wake. Amekuja naye! Wengine wote wako na picha katika pochi, yeye yuko na mkono wa Anna mkononi. Na filme inapenda sana wale wawili. Inawapa mwanga, inawapa sauti za kukopa (sauti tunazozisikia ni za Natalie Dessay na Rolando Villazón, waimbaji wakubwa kweli), na mwisho inawapa ata njia ya kutokea: wanaomba Wafaransa wawafunge kama mateka ili wasitenganishwe. Nani mwingine pale alikuwa na bahati ya kufungwa pamoja na mpenzi wake?

Njo maana ninasema sehemu ile ni nyepesi. Si juu opera ni kitu kibaya. Ni juu wimbo unatufanya tulie haraka, na tukisha kulia tunaona kazi imekwisha. Tunatoka sali tukiwa wasafi. Lakini mutu aliyepitisha Noeli mbali na watu wake kwa sababu ya kazi anajua kwamba saa ya wimbo si saa ngumu. Wakati wa wimbo mko wengi. Saa ngumu ni ile ya kuita nyumbani na kutafuta utasema nini.

Na hapo, wapendwa, Carion alifanya kazi ambayo sisi tuliipita bila kuiona.

Kuna Mfaransa mmoja mdogo wa cheo, Ponchel, anayemtumikia Luteni Audebert. Dany Boon anamucheza vizuri kabisa, bila kujikaza. Huyu Ponchel anatembea na saa ya mezani yenye kengele. Kila siku saa nne ya asubuhi inalia, ata kama mabomu yanaanguka, juu ile njo saa ambayo zamani alikuwa anakunywa kahawa pamoja na mama yake. Na mama hayuko mbali! Kwao ni pale pale, nyuma ya mstari wa Wajerumani, mwendo wa miguu tu. Anaweza karibu kuona moshi wa kwao. Filme haituelezi sana. Saa inalia, wenzake wanacheka, yeye anafikiria kahawa. Mimi sikuwahi kuona picha bora zaidi ya huu ugonjwa wa nyumbani. Si machozi, si hotuba. Ni mutu ambaye mwili wake umebaki na ratiba ya kwao.

Bwana wake, Audebert, naye ana kitu chake. Mke wake ni mjamzito na amebaki upande ulioshikwa na Wajerumani. Hajui kama amezaa, hajui kama yuko hai. Pochi yenye picha ya mke inapotea, na luteni wa Wajerumani, Horstmayer, ndiye anamrudishia. Kwa macho yangu, pale vita ilisimama kweli, zaidi kuliko wakati wa zumari. Adui alishika picha ya mke wa mutu, akaiangalia, akairudisha kwa mwenyewe. Hawakuanza kwa kupendana. Walianza kwa kutambua kwamba wote wawili wanakosa mutu.

Sasa tufike kwa Jonathan.

Jonathan ni kijana wa Scotland. Ana ndugu, William, ndiye aliyemuvuta waende vitani, akikimbia kupiga kengele za kanisa kwa furaha. William anakufa katika shambulio kabla ya Noeli. Jonathan alilazimika kumwacha pale katikati. Usiku ambapo wote wanapeana chokoleti, yeye hacheki na mutu. Anatafuta maiti ya ndugu yake katika barafu, anaifunika. Halafu anaandika barua kwa mama. Anamwambia mama kwamba wako sawa. Wako sawa wote wawili.

Someni tena neno lile: wote wawili.

Hapa filme inafanya kitu kikubwa, na inakifanya bila kupaza sauti. Haituambii kwamba Jonathan ni muongo mbaya. Sote tunaelewa. Nani ataandika kwa mama, wiki ya Noeli, «William amekufa, nimelala karibu na maiti yake»? Unamuchunga mama. Unamwachia sikukuu yake. Lakini filme inafuatisha uongo ule hadi mwisho wake, na hapo njo wengi wetu katika sali tulikuwa tumekwisha choka au tunatafuta simu.

Baada ya Noeli mkubwa wa Waskoti anafika na hasira. Anaona Mjerumani mmoja anatembea peke yake pale katikati, anaamuru apigwe risasi. Basoda wanapiga juu kwa kusudi, hawataki. Jonathan analenga kweli, na anapata. Halafu katika ule ukimya Audebert anasikia kengele ya saa. Ni saa nne. Yule «Mjerumani» ni Ponchel. Alivaa nguo za Wajerumani ili apite, alikwenda hadi kwao, alikunywa kahawa na mama yake, na alikuwa anarudi kazini. Kabla ya kukata roho anampa Audebert habari aliyoileta: umepata mtoto mwanaume, jina lake Henri.

Tafazali, tukae hapa kidogo. Kijana aliyemudanganya mama yake ndiye anamuua kijana aliyetoka kwa mama yake. Hii si ajali ya mwandishi wa filme. Jonathan alibeba kifo cha William peke yake. Hakumwambia mama, hakulia na mutu, hakuzika pamoja na wengine. Uchungu ambao haukupata njia ya kwenda nyumbani ulitafuta njia nyingine, nayo ilikuwa bunduki. Na Ponchel, ambaye alipata kile ambacho kila mutu pale alikuwa anakitamani, kahawa moja tu, alikilipa kwa maisha yake.

Kuna na jambo la tatu linalounganisha hayo. Wakubwa wanajuaje kwamba watu wao walikula na adui? Kwa barua. Basoda waliandika nyumbani kwa furaha: mama hautaamini, tulicheza mpira nao, tuliimba nao. Barua zinafunguliwa, zinasomwa, na adhabu inaanza. Wafaransa wanatumwa Verdun, Wajerumani wanapakiwa katika treni kwenda Prusia Mashariki, padri anarudishwa kwao, na askofu anahubiria vijana wapya wajue kuua muzuri. Barua zilizosema kweli ziliwaponza wenyewe. Barua ya Jonathan, yenye uongo, haikumsumbua mkubwa yeyote. Ilipita. Sijui kama Carion alitaka tuone hivyo, lakini iko katika filme, na mutu akisha kuiona hawezi tena kusema kwamba hii ni filme ya wimbo.

Nilisema nina sababu yangu.

Yaya yangu ni muuguzi. Alisomea hapa hapa, wengine wenu mnamufahamu. Mwaka 2016 alikuwa anatumika na shirika moja la misaada kule Sudan Kusini. Ilikuwa Noeli yake ya kwanza mbali na Kalemie. Siku ya tarehe 25 aliita kwa simu ya mama, saa mbili ya usiku. Tulikuwa tumekaa ndani, wali uko mezani, kuku, ndakala za kukaanga. Mama akaweka simu kwa sauti kubwa ili wote tusikie.

«Mama, tuko muzuri. Tulikula, tulicheza. Musiwaze juu yangu.»

«Na sisi tuko muzuri, mwanangu. Hapa ni furaha tupu.»

«Baba iko wapi? Mumupe simu.»

Mama aliangalia mlango. «Baba amekwisha lala. Alichoka na misa.»

Baba alikuwa hospitali siku ya tano. Nusu ya mwili ilikuwa imekufa. Aliweza bado kusikia na kusema maneno machache. Baba alituacha tarehe 2 ya mwezi wa kwanza.

Yaya alifika baada ya mazishi. Ni wakati ule alituambia na yake: usiku ule wa Noeli hawakucheza kitu. Walikuwa wamejifungia, wamekaa chini mbali na madirisha, juu risasi zilikuwa zinalia karibu. Alitoka dakika tano kutafuta mtandao ili amudanganye mama. Na mama, kwa upande wake, alikuwa amemudanganya. Pande zote mbili za simu, kila mutu alikuwa anamuchunga mwenzake, na katikati hakukuwa na mutu aliyesikia kitu cha kweli.

Yaya hakumlaumu mama mbele ya watu. Lakini siku moja aliniambia: «Mungeniambia, ningeomba muweke simu pale kwa sikio yake.» Basi. Hakurudia tena.

Njo juu ya ile sikuweza kusema katika mjadala. Na njo juu ya ile ninaona filme ina upungufu mmoja ambao ni mukubwa kuliko opera. Inaonyesha uongo wa upande mmoja tu. Nyumbani hakusemi. Mama wa Ponchel tunamujua kwa mdomo wa mwanawe. Mama wa Jonathan ni jina juu ya bahasha. Mke wa Audebert ni picha, halafu ni habari. Filme inatuambia kwamba anayekuwa mbali njo anaficha, na anayebaki anangojea tu kupokea. Si kweli. Anayebaki naye anaficha: ugonjwa, deni, kifo, ata njaa. Anapika uongo wake pamoja na kuku wa Noeli. Kama Carion angetuingiza dakika tano tu katika ile nyumba ya kahawa, tusikie mama anamwambia nini Ponchel na anamunyima nini, filme ingekuwa nzito mara mbili.

Upungufu wa pili unatugusa sisi kwa namna nyingine. Filme inaanza na watoto watatu shuleni: Mfaransa, Mwingereza, Mjerumani. Kila mmoja anasimama mbele ya darasa na kukariri maneno ya chuki juu ya adui wa nchi yake. Ni mwanzo mukali sana. Lakini darasa la ine halipo. Desemba 1914, katika upande ule ule wa kaskazini mwa Ufaransa, walikuwepo maelfu ya basoda kutoka Uhindi, walioletwa na Waingereza na kuingia mahandakini katika baridi ambayo hawakuwahi kuijua. Walikuwepo na Waafrika wa magharibi katika jeshi la Wafaransa, waliopigana kule Dixmude miezi michache mbele. Katika shamba la Carion simuoni mmoja wao.

Sisemi hivi ili tuhesabu rangi za watu katika kila filme. Ninasema juu ingesaidia filme yenyewe. Vile ilivyo, muujiza wake unategemea vitu ambavyo wale watatu walikuwa navyo kwa pamoja tangu zamani: wimbo ule ule, misa ya Kilatini, mti ule ule. Mutu anaweza kujibu: basi, Wakristo wa Ulaya walikumbuka kwamba ni Wakristo wa Ulaya. Ni nini kingetokea kama mmoja wa wale waliotoka handakini hakujua wimbo, hakujua misa, na Noeli kwake ilikuwa tu siku nyingine ya kuwa mbali? Filme inagusa jambo hili mara moja. Horstmayer ni Myahudi. Anakiri kwamba Noeli haikuwa sikukuu yake, na bado usiku ule hatausahau. Ni maneno machache, yanapita. Kwangu yangekuwa mlango wa filme nzima, kwa sababu yanathibitisha kwamba kilichowatoa watu wale mahandakini hakikuwa Noeli peke yake. Kilikuwa nyumbani.

Na sisi wa Kalemie tuko na Noeli yetu ya vita ile, ingawa hakuna aliyeitengenezea filme kama hii. Mwaka 1915 Waingereza walileta mashua mbili za kivita, «Mimi» na «Toutou» (ndiyo, «Mimi», tuchekeni kidogo), kutoka Uingereza hadi Cape Town kwa bahari, halafu kwa treni hadi Fungurume. Kuanzia pale zilivutwa porini na mashine za mvuke, ng'ombe na mikono ya watu wa kwetu, zikapanda milima ya Mitumba, zikateremka hadi Lualaba, na kwa reli tena hadi kwenye ziwa. Wale wanamaji walipitisha Noeli ya 1915 kando ya Tanganyika, mbali na kwao kuliko yule Jonathan. Kesho yake, Jumapili tarehe 26 Desemba, meli ya Wajerumani «Kingani» ilitokea. Wakatoka, wakaipiga, wakaiteka. Kapiteni wake alikufa pamoja na wengine. Ziwa lile lile ambalo sisi tunaoga siku ya Bonane! Hakuna aliyeimba. Na wale waliovuta mashua porini, hakuna aliyeandika walikula nini siku ya Noeli wala nani aliwangojea kijijini.

Wakongomani wenyewe walikwenda mbali zaidi katika vita ya pili. Force Publique ilipigana Abisinia mwaka 1941, na hospitali yake moja ya vita ilifika Madagaska na hadi Birmania. Mwezi wa sita wa 2022 mfalme Philippe wa Ubelgiji alimuvika nishani Kinshasa mzee Albert Kunyuku, mmoja wa wale waliotumwa Birmania. Nilipoona ile picha, mzee katika kiti na mfalme ameinama mbele yake, sikufikiria vita. Nilifikiria Noeli zake kule. Je, alituma habari gani nyumbani? Na nyumbani walimuficha nini?

Mzunguko umegeuka, na leo ni sisi tunaowaona wageni wakitumika kwetu. Kule Goma wamekaa miaka na miaka Waurugwai wa kofia za buluu. Katika nchi yao, kwa sheria ya tangu 1919, tarehe 25 Desemba inaitwa rasmi Siku ya Familia. Fikirieni: kulinda lango la kambi kando ya Kivu, siku ambayo kalenda ya kwenu inaiita Siku ya Familia. Na mnakumbuka Semuliki, katika territoire ya Beni, tarehe 7 Desemba 2017. Walinda amani wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa usiku mmoja, siku 18 kabla ya Noeli. Wale walikuwa wanasema Kiswahili kama sisi. Kama mmoja wao aliita nyumbani jioni ile, alisema nini? Ninaweza kuweka mkono motoni kwamba alisema neno ambalo mimi na nyinyi tunalijua: «Tuko salama. Musiwe na wasiwasi.»

Tuko na haki ya kuwalaumu kofia za buluu kwa mengi, na katika jumuiya hii tumekwisha kuandika mengi. Lakini filme ya Carion, katika sehemu zake nzuri, inakataza kitu kimoja: kumuangalia mutu mwenye bunduki bila kujiuliza ni saa gani kengele yake inalia.

Basi, nimalizie na hukumu yangu, juu wakosoaji tunaombwa kuhukumu. «Joyeux Noël» si filme kubwa. Ina sukari nyingi, inapendelea wapenzi wake wawili, na macho yake hayatoki nje ya Ulaya. Lakini ndani yake kuna filme ndogo ya dakika chache, ile ya saa ya mezani, ya pochi na ya barua, ambayo ni ya kweli kuliko filme nyingi za vita nilizoziona. Mukiirudia mwaka kesho, ninaomba mufanye kinyume na tulivyofanya: wakati wa wimbo mwende kuchukua soda, na wakati Jonathan anaandika, mutulie.

Wengi wetu tunaosoma hapa tutakuwa mbali Noeli hii. Kuna daktari katika zone de santé bila barabara, kuna mwalimu aliyepewa shule siku tatu za mashua kutoka kwao, kuna aliyevaa nguo za jeshi, kuna walio ng'ambo kama yaya yangu alivyokuwa. Tutaita, au tutaitwa. Simu itasema «tuko muzuri», na upande mwingine utajibu «na sisi tuko muzuri». Sikatazi. Uongo ule ni wa mapenzi, na mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa mezani nilipousikia, nikanyamaza.

Ninaomba tu ulizo la pili. Baada ya «tuko muzuri», kabla kredi haijaisha, mutu aulize tena polepole: «Kweli?» Halafu angojee. Kama kuna mgonjwa ndani ya nyumba, muweke simu pale kwa sikio yake.

Noeli njema kwenu wote, mulipo.